Shamba Nililoliazima Ziwani

Mstari wa kwanza katika daftari langu la mwaka 2024 hautaji mbegu wala samadi. Unasema: maji yamefika mpapai wa tatu. Niliuandika mwezi wa nne, mvua bado zinanyesha, baada ya kushuka shambani alfajiri na kulikuta ziwa limeshaingia kwenye matuta ya mchicha. Mipapai ilikuwa saba, nimeipanda mstari mmoja kuanzia karibu na mchanga hadi penye njia ya juu, na mitatu ya chini ilikuwa imesimama ndani ya maji ya kifundo cha mguu. Wimbi lilikuwa dogo tu, la asubuhi, lakini kila liliporudi lilibeba udongo nilioutia samadi ndoo baada ya ndoo.

Mpapai hauvumilii maji yaliyotuama. Mizizi ikikosa hewa siku mbili tatu inaoza, na majani ya juu yananyauka kama ya mti uliokauka kwa kiu. Siku ile ile nilichuma mapapai yote mabichi nikawagawia majirani, wakayapika kama mboga. Wiki haikwisha miti mitatu ikawa imelala. Mwezi wa tano ulipoingia, katika ile saba ilibaki miwili ya juu.

Mama yangu hakukinunua kipande kile cha ufukweni mwa Ujiji, wala hakukirithi. Alikifuata. Mwaka 1964 Ziwa Tanganyika lilipanda sana, yeye akiwa msichana. Miaka iliyofuata maji yakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, na kila yaliporudi hatua mbili, wanawake wa mtaa wetu walishuka hatua mbili na majembe yao. Ndivyo alivyopata shamba. Akapanda michikichi minne, akapanda mwembe, akaotesha matembele hadi pale mchanga unapoanza, na mimi nikakulia humo nikijua kwamba ile ni ardhi yetu.

Hapa Ujiji mambo haya si mageni. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe, na leo ukisimama penye mnara wa kumbukumbu yao inakubidi utembee ndipo uyafikie maji. Wakati ule ziwa lilikuwa juu zaidi. Mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga, ng'ambo ya pili karibu na Kalemie, na mlango huo ulikuwa umezibwa na tope na magugu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ukazibuka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kiasi cha mita 10. Hata sasa Lukuga hautoi maji mengi. Sehemu kubwa ya yale yanayoingia kwa mvua na mito huondoka kwa kufyonzwa na jua, polepole, kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo maji yanakosa pa kwenda, yanatambaa juu kuelekea kwa watu.

Nilikuwa nayajua haya yote. Mwaka 2021 ziwa lilipanda, likala tuta langu la mwisho, nami nikaona limefika pale linapotaka kufika. Mwaka uliofuata nikapanda mipapai kuteremka hadi karibu na mchanga, kwa sababu kule chini udongo una unyevu hata mwezi wa nane. Nilipanda mti wa miaka mitatu minne mahali ambapo ziwa lilikuwa limenionyesha mwaka mmoja kabla kwamba linapahitaji. Kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote ya msimu, na nilikuwa nimelifanya kabla msimu haujaanza.

Mwembe wa mama ulianguka mwezi wa tano. Mwembe ni mti mgumu, unaweza kukaa kwenye maji kwa wiki kadhaa usife, lakini wimbi lilikuwa limeuchimba mchanga chini ya mizizi ya upande wa ziwa, siku baada ya siku, mpaka ukabaki umeegemea upande mmoja kama mtu aliyechoka. Usiku mmoja wa upepo tulisikia mshindo. Asubuhi tawi lake kubwa lilikuwa ndani ya maji na watoto wa jirani wameshakaa juu yake wakivua vidagaa kwa chandarua. Sikuwafukuza. Nilikaa kwenye mchanga nikaangalia shina lile ambalo mama alikuwa akining'inizia kanga yake alipokuwa akilima, na nikajiuliza kwa nini miaka yote ile sikuwahi kuchukua hata mche mmoja nikaupanda kwingine.

Miche ilikuwepo. Maembe yaliyodondoka msimu uliopita yalikuwa yameota yenyewe nyuma ya shina, upande wa juu ambako maji hayakufika. Embe letu la kienyeji lina sifa hii njema: kokwa moja hutoa miche kadhaa, na mingi hufanana kabisa na mti mama, si kama maembe mengine ambayo ukipanda kokwa hujui utapata nini. Nilichimbua mitatu. Miwili niliipandikiza mchana, jua likiwa kali, mizizi imeshapoteza udongo wake njiani, ikafa ndani ya siku kumi. Wa tatu niliuchelewesha hadi jioni kwa sababu mgeni alikuja, nikautia kwenye kiroba pamoja na udongo wake, nikauweka kivulini nyuma ya jiko. Huo ukapona. Daftari limeandika: miche 3, amebaki 1. Niliandika amebaki, kama mtu, na sikusahihisha.

Halafu ziwa likafungwa. Serikali ilisimamisha uvuvi upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Baba watoto ni mvuvi wa dagaa. Kwa kawaida yeye hunisaidia shambani siku za mbalamwezi tu, kwa sababu dagaa huvutwa na taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi. Sasa nilikuwa naye miezi mitatu mizima. Wiki ya kwanza alikaa barazani akizitazama nyavu zake. Wiki ya pili akachukua madumu mawili ya lita 20, akateremka ziwani kuchota, akamwagilia bila kuambiwa.

Kipande cha chini kilikuwa kimeliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo tukahamia uani, nyuma ya nyumba. Udongo wa kule ni mwekundu, mgumu, haujalimwa miaka mingi. Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Kimanyema anayekamua mawese mtaa wa pili. Nilikwenda kwake kununua mafuta, nikamwamkia, akaniuliza habari za shamba, nikamweleza. Akanyoosha kidole kwenye rundo la makapi ya chikichi nyuma ya banda lake. "Mwanangu, hayo yanakaa bure. Ila usiyapeleke yakiwa mabichi, yana mafuta bado, utaita chungu wote wa Ujiji. Chukua yale ya chini, ya mwaka jana."

Tulibeba mafuko tisa. Yale makapi yaliyokwisha poa, meusi, yanayokatika mkononi, tuliyatandaza juu ya matuta unene wa vidole vinne. Siku zilizofuata nilikuwa nachimba kwa kidole kila asubuhi kuangalia. Tuta lisilofunikwa lilikuwa kavu saa nne. Lililofunikwa lilikuwa bado na ubichi magharibi. Tukatoka kumwagilia mara mbili kwa siku hadi mara moja, na kwa mtu anayepandisha maji mlimani kwa madumu, tofauti hiyo inahesabika kwenye mgongo. Niliwahi kusikia habari za matandazo tangu shuleni, na miaka yote nilikuwa nachoma majani makavu ya shamba kwa sababu shamba safi ndilo nililoona linapendeza. Bibi yule hakunidai hata shilingi. Nilimpelekea mchicha kila Ijumaa mpaka akasema inatosha.

Mchicha ndio uliotulisha. Bibi huyo na watu wa asili ya Kongo wanauita lengalenga, na kwa jina lolote ni mboga isiyomwangusha mtu: wiki tatu hadi nne tangu kusia unaanza kuvuna. Zamani nilikuwa nasia matuta yote siku moja, nikavuna yote siku moja, nikauza kwa bei ya kutupa kwa sababu wenzangu nao wamefanya hivyo hivyo. Safari hii baba watoto alileta hesabu ya mvuvi. Alisema wavuvi hawatupi nyavu zote mahali pamoja. Tukagawa ua vipande sita, tukasia kipande kimoja kila wiki. Kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba hatukukosa fungu la kupeleka sokoni, na dagaa wabichi walipokuwa hawapo, mboga na maharage vikawa ndiyo kitoweo cha kila nyumba. Tulilipa ada, tulinunua unga, na bado jioni tulikuwa na cha kupika.

Matembele niliyakata kwenye shamba la chini kabla maji hayajayafikia, vipande vya urefu wa shubiri, nikayachomeka kando ya bomba la maji ya kuogea. Sikuyafanyia kitu kingine. Yalifunika ukuta. Bamia zilifanya vizuri, chainizi ikaliwa na kuku wa jirani mara mbili nikaiacha. Karoti zilitoka fupi na zenye mapembe, kwa sababu udongo ulikuwa mgumu chini ya shubiri moja. Sitazipanda tena pale mpaka palimwe miaka miwili mingine.

Sasa nyanya. Ninaandika habari zake kwa urefu kwa sababu ndiko pesa ilikopotea.

Nilipoona tuna mikono minne na maji ya kutosha, nilikumbuka bei za nyanya katika soko la Mwanga hapa mjini wakati wa kiangazi, nyingi zikiwa zimetoka Kasulu na milimani huko. Nikaotesha kitalu, nikahamisha miche 400 mwishoni mwa Juni. Watu wa kilimo waliniambia kabla: nyanya isifuate nyanya, wala isikae jirani na nyanya chungu, bilinganya au viazi mviringo, kwa sababu ni ukoo mmoja na wanaambukizana. Kwenye uzio wa ua wetu kulikuwa na mashina makuukuu ya nyanya chungu, yamekauka nusu, bado yanazaa mojamoja. Niliyaonea huruma. Nikayaacha.

Wiki ya nne majani yakaanza kuwa na madoa meupe, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Ukilipasua jani unakuta humo katikati ya ngozi mbili kiwavi mdogo wa kijani. Ndiye kantangaze. Asili yake ni Amerika Kusini. Akaingia Hispania mwaka 2006, na Tanzania alionekana mwaka 2014. Wakulima walimpa jina hilo kwa sababu akikuingilia shambani habari zako zinaenea. Ubaya wake ni kwamba anaishi ndani ya jani, dawa ya kunyunyiza juu inapita bila kumgusa, na kipepeo wake hutaga upya baada ya wiki chache tu. Nilinyunyiza mara tatu, dawa ile ile kila mara, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo. Mara ya kwanza walipungua. Mara ya tatu hata sikuona tofauti. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba ukirudia dawa moja unawaacha wale wanaoiweza, nao ndio wanaozaana. Tulipong'oa mashina ya nyanya chungu pale uzioni tulikuta majani yake yana madoa yale yale, ya zamani kuliko ya nyanya zangu. Nilikuwa nimewafuga mwenyewe.

Hata hivyo nyanya nyingi zilikuwa zimeshika matunda. Nadhani tungepata kitu. Lakini tarehe 15 Agosti ilifika, na usiku ule ziwa lote likawaka taa. Mtu asiyeishi hapa hawezi kujua furaha ya usiku huo. Nami nilifurahi, nilisimama barazani nikazihesabu taa hadi zikaniponyoka. Asubuhi yake nikaamka na miche 400, madumu mawili, na mikono yangu peke yangu.

Siku nyingine nilimwagilia, nyingine sikuweza. Nikikosa siku mbili, ya tatu nilikuwa namwaga maji mengi ili kufidia. Nyanya haifidiwi hivyo. Maji yakija kwa vipindi, chokaa iliyomo kwenye udongo haifiki kwenye tunda inavyotakiwa, na kitako cha tunda kinakuwa cheusi, kimebonyea, kama kimeungua. Nilivuna matenga mawili ya kuuzika. Yaliyobaki tulikata sehemu nzima tukapikia, mengine yakaenda kwa kuku. Pesa ya mbegu na dawa haikurudi.

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo ni kantangaze. Nilimlaumu yeye kila nilipoulizwa. Niliposoma daftari Oktoba nikaona kwamba hata bila yeye, hesabu yangu ilikuwa na shimo: nilikuwa nimepanga msimu mzima kwa mikono ambayo nilijua tarehe itakayoondoka. Tarehe yenyewe ilikuwa imetangazwa wazi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika kwenye ukurasa wa pili. Kwa mikono yangu miwili ninaweza nyanya 80. Labda 100 kukiwa na makapi chini yake.

Michikichi ya mama sikuifanyia kazi yoyote mwaka huo, nayo haikuniangusha. Yote minne ilisimama kwenye maji miezi kadhaa, na bado ilitoa mikungu. Ni aina ya dura, ile ya zamani, yenye kokwa nene na nyama kidogo, ndiyo maana mafuta yake si mengi. Tangu serikali ianze kulihimiza zao hili Kigoma mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche ya tenera, yenye kokwa jembamba na nyama nyingi. Nimepanda mitano, juu kabisa ya uwanja, ambako wala mwaka 1964 maji hayakufika. Niliwauliza wazee wawili kwanza, mmoja mmoja, wakanionyesha sehemu ile ile.

Maembe ya mwembe wetu mwingine, ulioko uani, yalipoanza kuiva mwanzoni mwa mvua nilipata ushindi mdogo ambao unanipa moyo kuliko pesa ya mchicha. Miaka iliyopita nusu ya maembe yalikuwa na funza, kazi ya inzi wa matunda. Maembe yaliyooza tulikuwa tunayaacha pale pale chini, na funza hutoka ndani ya tunda akaingia ardhini, akageuka inzi, akarudi mtini. Safari hii kila asubuhi kabla ya shule watoto waliokota yote yaliyodondoka, tukayafunga kwenye mifuko meusi ya plastiki na kuyaanika juani hadi yakaiva kwa joto, funza na vyote. Wiki mbili za kwanza hatukuona mabadiliko, na binti yangu akauliza kama tunacheza. Wiki ya nne tulikata embe kumi za mtini mezani, mojamoja, watoto wamezunguka. Moja tu ndiyo ilikuwa na funza.

Oktoba ziwa lilikuwa limerudi nyuma kama linavyorudi kila mwisho wa kiangazi, likaacha kwenye kipande cha chini tope jeusi, laini, zuri kuliko udongo wowote niliowahi kuushika. Kaka yangu alikuja kulitazama. Anataka tujenge ukuta wa mawe, tujaze udongo, tupande ndizi. Tulibishana hadi magharibi, kwa heshima, kwani ni mkubwa wangu. Nilimwambia ukuta wetu hautaliweza ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670. Akasema mama asingeacha. Nikamwambia mama hakuacha mahali pamoja hata siku moja, alishuka na maji yaliposhuka, na nafikiri angepanda nayo yakipanda.

Hatukukubaliana juu ya ukuta. Tulikubaliana juu ya kijiti. Tumekichomeka pale maji yalipofika mwezi wa tano, mti wa mkaratusi wenye urefu wa mtu. Chini ya kijiti tutapanda vitu vinavyokwisha kabla ya mwezi wa nne: mchicha, matembele, maboga ya majani, mahindi ya kuchoma. Juu yake, miti.

Mche wa mwembe ulitoka kwenye kiroba wiki ya kwanza ya Novemba, baada ya mvua mbili nzuri. Kaka alichimba shimo, akatenga udongo wa juu kushoto na wa chini kulia kama mama alivyotufundisha, akachanganya wa juu na samadi na makapi ya bibi. Baba watoto alikuwa amelala, ametoka ziwani alfajiri, lakini aliamka akaja na ndoo. Tulipanda jioni. Ulikuwa na majani kumi na moja, mawili mapya, mekundu bado.